Ukurasa Usiofunguka Bodo

Mimi si mtu wa kushangazwa. Katika hii kazi ya wageni nimeshayaona, na niliyoyaona yamenitosha. Nimemwona tumbili akitoka dirishani na meno ya bandia ya mzee wa Kijerumani, na yule mzee akacheka kwa ufizi mtupu mpaka akakaa chini mchangani. Nimewaona wapenzi waliokuja kufunga ndoa wakaondoka kwa magari mawili mbalimbali. Nimemwona bwana aliyeshuka na masanduku matatu, akakuta bahari imekupwa, akaniambia nimrudishie pesa zake kwani kwenye picha palikuwa na maji. Nikamwambia bwana, kaa, kunywa dafu, maji yatakuja. Yakaja. Akakaa wiki mbili.

Kwa hivyo mtu akinijia na jambo akidhani nitabaki mdomo wazi, huwa namsikitikia.

Nayasema haya ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Mimi ndiye mwenye zile nyumba sita za makuti upande wa Galu, zilizopakwa chokaa, kila moja na baraza yake. Sikurithi hata kigae. Shule niliiacha darasa la tano, nikaingia mashamba ya Kinondo kufua nazi za watu. Aliyewahi kufua nazi anajua: chuma kimesimama ardhini, nazi unaichoma juu yake, unaiegemea kwa mabega, kumbi linatoka. Nilifua mpaka viganja vyangu vikawa kama kwato. Kisha nikaanza kununua nazi mwenyewe, kisha nikauza makuti kwa mahoteli, kisha kiwanja, kisha nyumba ya kwanza, niliyoijenga kwa mikono hii pamoja na fundi mmoja ambaye Jumatatu alikuwa hatokei. Leo wako vijana wenye shahada wanaoniamkia na kuningoja nje ya ofisi. Sisemi kwa kujigamba. Naam, labda kidogo. Mtu aliyejijenga mwenyewe asipojisifu atamngoja nani aje amsifu?

Lakini katika nyumba zile kuna kitu ambacho sikukijenga mimi, nacho ni wageni wenyewe. Wageni ni wa mke wangu. Nilipomwoa alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, na huko ndiko alikookota Kijerumani na Kiitaliano kwa sikio, na akajifunza jambo ambalo mimi sikulijua: kwamba mgeni kabla ya kufika huwa na hofu. Huuliza kama kuna chandarua, kama maji ya bahari yana kina mbele ya nyumba, kama mtoto wake anayekula wali mtupu atapikiwa wali mtupu. Mke wangu alikuwa akiwajibu kabla chai yake haijapoa. Wakifika, mimi napewa mkono, yeye anakumbatiwa. Huletewa chokoleti, huletewa soksi za sufu, Mungu ajua za kuvaa wapi. Mgeni akitaka kurudi mwaka mwingine hamwandikii mtu ila yeye.

Maandikiano hayo yote hupitia kwenye tovuti yetu. Aliyeijenga ni fundi mmoja wa kutoka bara, ana ofisi yake Ukunda juu ya duka la magodoro. Nilimweleza ninachotaka nikiwa nimesimama. Nilimwambia nataka ukurasa ambao mgeni akiufungua mara moja tu anaona kila kitu: nyumba zote sita, bei zake, na kalenda ya kila usiku wa miaka miwili, upi una nafasi na upi umeshikwa. Mgeni asihangaike kubonyezabonyeza.

"Boss, hiyo itakuwa nzito," akaniambia.

"Ninayelipa ni mimi. Uzito nitaubeba mimi."

Akaijenga. Seva yake, yaani ile kompyuta iliyo huko iliko, ambayo tovuti hukaa ndani yake na kutumwa kwa kila anayeiomba, alinitafutia ya bei nafuu. Na ukurasa ulikuwa ukifunguka kama mtu aliyefungua kiganja. Nilikuwa nikiwaonyesha watu kila niendako. Niliwaonyesha harusini, niliwaonyesha hata matangani, wakati wa kungoja wali.

Kisha mama mkwe wangu akateleza kisimani, huko kwao Bodo, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali hakuweza kujigeuza kitandani. Ana wana wa kiume, lakini mwana wa kiume hamwogeshi mama yake, na binti anaye mmoja tu, naye ni mke wangu. Hapakuwa na la kuzungumza. Alifunga nguo zake, akachukua simu yake, nikampeleka. Njiani tulikubaliana kwamba wageni atawajibu akiwa huko huko. Simu ni simu, nilimwambia. Mtu anajibu barua kutoka mwezini siku hizi.

Hazikupita siku nyingi wageni wakaanza kulalamika. Mmoja alipiga simu ofisini kuuliza kama tumefunga. Mwingine alikwenda kwa jirani yangu, nami nikamwona kwa macho yangu akioga baharini mbele ya nyumba ya jirani, ananipungia mkono. Nikampigia mke wangu.

"Haifunguki," akasema. "Inazunguka tu."

"Mimi naifungua."

"Wewe uko Diani. Mimi niko Bodo, na huku haifunguki."

Nikamnunulia simu mpya. Haikufunguka. Nikamtumia bando kubwa la intaneti, likaisha, haikufunguka. Nikamwambia fundi aondoe nusu ya picha, akaziondoa, na mimi roho ikaniuma kwani picha zile nilizilipia. Haikufunguka. Na kila mara fundi alipoijaribu ofisini kwake, chap, iko wazi. Nami vilevile. Hata ukiwa mtu usiyetaka kuwa na dhana mbaya, dhana inakuja na kukaa yenyewe. Nikaanza kufikiri kwamba mke wangu amechoka. Amechoka na kazi, au amechoka na mimi, na hii "haifunguki" ni njia ya mtu mwenye adabu ya kusema jambo bila kulisema. Sikumwambia mtu. Lakini nilikuwa nikilala nalo.

Hapa ni lazima nieleze jambo la kwetu, kwa sababu asiye wa kwetu atauliza: kwa nini usiende Bodo ukaangalie? Nilikwenda. Nilikwenda kila wiki. Lakini kwetu mtu na mama mkwe wake hawachanganyiki. Mkwe huendi ukajitupa ndani kwake. Hukai anapokaa, huli mbele yake, hapiti yeye ukabaki umesimama katikati ya njia. Unafika uani, unapiga hodi, unaamkia kupitia ukuta, "Shikamoo mama," unajibiwa "Marahaba" kupitia ukuta, unateremsha unga na mafuta na sabuni, unazungumza na mkeo mawili matatu chini ya upenu, unaondoka. Hiyo ndiyo heshima, na mimi katika heshima sina mzaha. Hata siku alipovunjika, waliombeba mpaka garini ni watu wengine. Mimi nilishika usukani nikatazama mbele.

Sasa kabla ya kuteremka njia ya Bodo, huwa nasimama pale barabara kuu, penye mnara wa simu, nanunua maji. Na kila nikisimama pale nilikuwa naitoa simu mfukoni naufungua ule ukurasa, ili nikifika niwe na ushahidi. Unafunguka. Naufunga. Nateremka. Nafika uani namwambia mke wangu, "Nimeufungua sasa hivi, hapo nyuma tu." Yeye ananitazama. Mimi naamkia ukuta, nateremsha unga, narudi.

Siku ninayoisimulia nilikwenda asubuhi, na nilikwenda na neno. Lilikuwa limeniiva tayari. Ofisini Ukunda nina msichana wa mapokezi, Kiingereza chake kimenyooka kama rula. Niliamua yeye ndiye atakayeshika wageni. Nikasimama pale barabarani, nikaufungua ukurasa, ukafunguka, nikasema haya, Mungu ameniona.

Mke wangu alikuwa uani anaanua mashuka, kwani wingu lilikuwa limejikunja upande wa Funzi. Nilimwambia hapo hapo, kabla sijateremsha kitu.

"Mwisho wa mwezi kazi ya wageni inahamia Ukunda."

Hakuacha kuanua. "Nani kasema?"

"Mimi."

"Na mie?"

"Wewe utamuuguza mama. Huwezi mambo mawili, na si kosa lako."

Akakunja shuka, akalibana chini ya kidevu. "Wale watu nimewakusanya mimi mmoja mmoja, kwa miaka. Yule mama wa Bremen alimzika mumewe akaniandikia mimi kabla hajamwandikia dada yake. Leo umpe msichana ambaye hamjui hata kama anakula samaki? Ukiniondoa hapo, baba, mie nitabaki na nini changu katika zile nyumba? Ufagio?"

Nilikuwa nikitafuta la kumjibu wakati mvua ilipoteremka, ile mvua ya masika isiyobisha hodi. Mke wangu akakimbilia ndani na mashuka. Mimi nikabaki chini ya upenu, na upenu wenyewe mwembamba, maji yananipiga mgongoni, na mbele yangu ni mlango wa mama mkwe.

Nikaisikia sauti yake kutoka ndani. Hakusema nami. Mkwe hasemi nawe, husema na binti yake, ukiwepo.

"Mumeo yuko wapi?"

"Nje, mama."

"Ananyeshewa?"

"Ananyeshewa."

"Mwambie aingie. Mwambie mvua haina mkwe."

Nikaingia. Kitanda chake kilikuwa kimehamishiwa ukumbini ili apate hewa, kwa hivyo hapakuwa na pa kujificha. Nikapewa kigoda, nikakigeuza, nikakaa nimempa upande, nautazama mtungi. Miaka yote ile ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza kukaa ndani ya nyumba ile.

Mke wangu akaja akasimama mbele yangu, akaniwekea simu mkononi. Ile mpya niliyomnunulia.

"Fungua wewe," akasema.

Nikaufungua. Yaani nilibonyeza pale pa kufungulia. Kikatokea kioo cheupe, na katikati kiduara kinachozunguka. Nikangoja. Kikazunguka. Nikasema simu hii wameniuzia mbovu, nikatoa ya kwangu, ile ile ambayo muda mfupi nyuma, pale barabarani, ilifungua chap. Kioo cheupe. Kiduara. Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya jikoni na mimi nimeshika simu mbili, mkono huu na mkono huu, kama mtu anayepima ndizi.

"Mumeo anafanya nini?" akauliza mkwe.

"Anangoja ukurasa, mama."

"Bado?"

"Bado."

Kiduara kinakwenda.

"Muulize, wageni wake nao huwangoja hivi hivi nje ya mlango?"

"Anasikia, mama."

"Najua anasikia. Wewe muulize."

Sikuulizwa, kwa sababu mke wangu aliona uso wangu akanionea huruma. Lakini swali lilikuwa limeshaingia. Nilikaa pale nikaanza kuwafikiria. Si yule aliyepiga simu ofisini. Yule alikuwa hodari. Nilimfikiria mtu aliye katika kijiji chake huko kwao, na huko kwao pia kuna vijiji na mtandao wa kuchechemea, au aliye ndani ya gari moshi, au mtu wetu hapa hapa wa Lunga Lunga anayetaka kumpeleka mkewe pahali kwa siku mbili. Anabonyeza jina langu. Anakiona kiduara. Anaona huyu naye vipi, anakwenda kwa jirani. Mgeni aliyeshindwa kuingia hakupigii kelele. Anaondoka, nawe huko ndani unasema msimu huu kumetulia. Miezi yote niliyokuwa nikisema msimu umetulia, ilinipitia hapo mbele ya macho, nikiutazama ule mtungi.

Na nikamfikiria mke wangu, amekaa juu ya kigoda hiki, mshono wa mama yake haujakauka vizuri, kachukua simu, kabonyeza, kangoja, kaitwa kumgeuza mama, karudi, kiduara. Halafu mimi naja na unga, nimesimama kwenye jua, namwambia nimeufungua sasa hivi hapo nyuma.

Hasira ikanipanda, na kwa kuwa sikuwa tayari kuielekeza inapostahili, nikampigia fundi. Kupiga simu Bodo kunawezekana. Mtandao wa huko ni ule wa zamani, unabeba sauti na ujumbe mfupi, mzigo mkubwa hauwezi.

"Niaje boss," akasema.

Nikaanza naye. Nilimwita mnyama mmoja, kisha mnyama wa pili, kisha nikamwita jambo ambalo siliandiki hapa, linalomhusu mama yake. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu juu ya mnazi. Nilipovuta pumzi nikasikia jinsi nyumba ilivyonyamaza. Hata mvua ilikuwa imepungua, kama iliyotaka kusikiliza. Mke wangu alikuwa ametazama chini. Kitandani tasbihi ilikuwa imesimama.

Mke wangu akaichukua simu mkononi mwangu taratibu, akaiweka sauti ya nje.

"Kaka, hujambo. Tusamehe. Mie niko Bodo, ukurasa haunifungukii. Pale juu kwenye simu pameandikwa herufi E."

"E? Aii, mathe. Kwani kuna mahali bado kuna E, ile net ya kitambo?" Tukasikia akigongagonga kompyuta yake. "Hebu ngoja niangalie vile inatoka kwa seva... Ngoja... Woi."

"Nini?"

"Kuna kitu nilizima nikiwa najenga hii site, ndio nione kila kitu wazi. Halafu sikuwahi kuwasha. Ile ya kubana."

"Kubana nini?"

"Maandishi. Seva kabla itume peji inafaa iibane kwanza, iwe ndogo, ndio isafiri haraka. Hii yako inatoka vile iko, yote. Na vile boss alitaka kalenda ya miaka mbili, ni maandishi mob sana. Huku Ukunda net ni kali, hatuwezi kunotisi. Kwa E, itakaa hapo mpaka jioni."

"Na zile picha ulizoniondolea?" nikasema. Nilisema polepole sasa.

"Picha huwa zimebanwa tayari, boss, na zinakuja nyuma. Mlangoni ni maandishi yamejaa."

Nikamwuliza swali ambalo hata leo naliona ni la maana. Mimi nimesafirisha nazi miaka mingi. Ukitaka lori libebe nazi nyingi, unazifua, unatupa makumbi. Mzigo unapungua kwa sababu kuna ulichotupa. "Sasa wewe ukibana," nikamwambia, "unatupa nini? Bei zangu? Nyumba ya sita?"

"Hakuna kinatupwa, boss. Ikifika kwa simu, simu inaikunjua yenyewe, inarudi vile ilikuwa, herufi kwa herufi."

"Haiwezekani. Kitu kikipungua kimepungua."

"Boss, sijui nikuelezeje."

Nikadhani nimempata. Lakini mke wangu alikuwa ameinuka. Pale kichwani mwa kitanda paliwekwa kijitabu cha uradi cha mama yake, kimechakaa pembe zote. Akakifungua, akanishikia mbele ya macho.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Subhanallah."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na hapa pembeni?"

Palikuwa na tarakimu. "Thelathini na tatu."

"Mama akisoma, husoma ngapi?"

"Thelathini na tatu."

"Mwambie nasoma zote," sauti ikatoka kitandani, "nisije nikasingiziwa."

"Anazisoma zote, mama, anajua. Basi karatasi ni ndogo, na hakuna tasbihi hata moja iliyotupwa. Aliyeandika aliona neno linajirudia, akaliandika mara moja, akaweka hesabu." Akakifunga kijitabu. "Ile kalenda yako imeandikwa 'nafasi ipo, nafasi ipo, nafasi ipo', usiku kwa usiku, nyumba kwa nyumba, miaka miwili. Ndiyo uliyotaka. Kaka, nimekosea?"

"Hapana, mathe. Ni hivyo tu. Seva inaandika mara moja na inaweka alama ya kurudia."

Nilikaa na jambo hilo. Sitasema nilishangaa. Lakini nimeusikia uradi huo tangu sijajua kuvaa suruali, na nimezisoma kurasa zake baada ya kila sala, na sikuwahi kuziona kama mzigo uliofungwa vizuri. Na mimi ni mtu wa kufunga mizigo. Nilijiuliza ni mambo mangapi mengine ninayapita hivyo, yapo wazi, na mimi naendelea kuyabeba moja moja.

Fundi akasema tumpe muda kidogo, asikate simu. Tukamsikia akigonga, akiimba chini kwa chini, akisonya. Mvua ikakatika. Mkwe akaomba maji, mke wangu akampa, akamgeuza ubavu. Mimi nikautazama mtungi kwa heshima zangu zote.

"Jaribu sasa."

Mke wangu akabonyeza. Kiduara kikaja. Kikazunguka, kikazunguka tena, kisha zikatoka: nyumba ya kwanza, bei yake, ya pili, kalenda, mpaka chini. Picha zikafuata kwa kusitasita, moja baada ya nyingine, kama watu wanaochelewa harusini. Fundi akatuambia maandishi yaliyopita sasa hayafikii hata sehemu ya kumi ya yale ya mwanzo. Nikasogea nikahesabu nyumba. Sita.

Mke wangu hakushangilia. Aliingia pale ambapo ni yeye tu huingia, akaanza kusoma waliomwandikia, wale ambao hakuwa amewaona siku zote hizo. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Akasoma mmoja, akasema, "Masikini," kwa sauti ya chini. Akaanza kumjibu hapo hapo, kwa kidole kimoja, kwa Kijerumani chake cha sikio. Akajibu wa pili. Nilimtazama nikaona uso ambao sikuuona tangu alipofunga nguo zake. Alipofika wa tatu akasimamisha kidole, bila kuinua kichwa.

"Huo mwisho wa mwezi," akasema.

"Una nini?"

"Ulisema kazi inahamia Ukunda."

"Itahamiaje Ukunda na mwenyewe yuko Bodo?"

"Hiyo ni ndiyo au ni siasa?"

"Ni ndiyo. Ni yako. Mpaka mama apone, na akishapona, ni yako."

Akaendelea kuandika. Fundi alikuwa bado yuko kwenye simu, tumemsahau, akasema, "Amina." Nikamwambia alete hesabu yake. Akasema hapana, boss, kosa ni langu, hiyo siwezi kukuchaji. Nikamwomba radhi kwa wale wanyama. Kwa lile la tatu nikamwomba radhi mara mbili, na nikamwambia amsalimie mama yake. Akacheka, akakata.

Nikainuka ili niage, kwani jua lilikuwa limetoka na sikuwa tena na udhuru wa kukaa. Ndipo mkwe akamwita binti yake.

"Mumeo anaondoka?"

"Anaaga, mama."

"Mwambie maneno aliyoyasema ndani ya nyumba yangu, mimi nimelala sina pa kukimbilia, nimeyasikia. La mwanzo, la pili, na la tatu."

"Amekwishaomba radhi, mama."

"Kamwomba wa Ukunda. Mimi sijaombwa."

Hapo nilijua nimeshikwa. Kwetu ukimvunjia mkwe heshima, neno halifutwi kwa neno, hutozwa. Mkwe mwingine hutaka mbuzi, na hakuna wa kumteta. Nikasimama nimeinamisha kichwa, mimi niliye na nyumba sita, kama mtoto aliyevunja gilasi.

"Mwambie alete leso pea moja," akasema, "na achague mwenyewe jina lake, tumwone ana akili gani. Na sukari, maana chai ya humu ndani imekuwa ya wagonjwa. Na tambuu. Na asimtume mtu. Alete kwa mkono wake, aingie, akae, mbele ya binti yangu akiwa kazini kwake."

"Amesikia, mama."

"Najua amesikia. Wewe mwambie."

Mke wangu akaniambia, neno kwa neno, macho yake kwenye simu, na mdomo ukimwuma kwa kuzuia kicheko.

Kesho yake sikwenda ofisini. Nilikwenda Msambweni, nikaingia duka la leso, nikatoa rafuni zaidi ya pea ishirini nikisoma majina, yaani yale maneno yanayoandikwa kwenye leso, mwenye duka akidhani nina mke wa pili. Nikachagua yenye kuomba msamaha bila kujidhalilisha sana, zipo, ukitafuta. Nikapima sukari, nikanunua tambuu na vikorokoro vyake. Pale barabara kuu penye mnara sikusimama. Niliingia, nikakaa kwenye kile kigoda, leso ikakunjuliwa, jina likasomwa kwa sauti, mkwe akakohoa mara moja na kusema imepokewa. Kubana kurasa kulikuwa bure. Kuukomboa mdomo wangu katika nyumba ile kulinigharimu shilingi elfu moja mia mbili na sabini.